Baba hakuliona boya, lawama kabeba mdogo wangu

SWALI

Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Ilemela hapa Mwanza na nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Nina jambo ambalo sijaweza kumweleza hata mume wangu, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kwetu tumezaliwa sita na mimi ndiye kifungua mimba. Baba ana miaka 64. Ni fundi wa mitumbwi, na mbio za mitumbwi ameshindana tangu sijazaliwa. Timu yetu ni ya ukoo. Baba anakaa nyuma na kasia la usukani. Wapiga kasia ni wadogo zangu wanne wa kiume, watoto wawili wa baba mdogo, shemeji yangu na vijana watatu wa jirani waliokulia uani kwetu. Mimi mtumbwini siingii. Natunza fedha, naandikisha timu, nawapikia uji siku za mazoezi. Mwaka huu tuliunda mtumbwi mpya kwa mkopo wa kikoba wa 1,800,000, na mkopo huo uko kwa jina langu.

Mwezi wa kwanza nilikutana na baba njiani, akanipita. Nilipomwita ndipo akanijua, kwa sauti. Kesho yake nikambembeleza hadi zahanati. Tabibu akammulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limezidi, aende hospitali kubwa. Wakati wa kurudi baba alisimama chini ya mwembe akaniambia: "Usimwambie mtu, hata mama yako. Siku wakijua sioni, ule mtumbwi si wangu tena." Nikamwahidi.

Lakini niliogopa. Kwa hiyo nikafanya kitu changu. Nikamhamisha kitinda mimba wetu, ana miaka 22, akae mbele kabisa, nikamwambia, "Wewe una macho makali, uwe unampigia baba kelele, kulia au kushoto, mkikaribia kugeuka." Sikumwambia kwa nini. Akafurahi, akaona amepandishwa cheo.

Mashindano yalikuwa Jumamosi moja mwezi uliopita, kwenye mwalo wa hukuhuku Ilemela. Ratiba ilisema saa nane, mgeni rasmi akachelewa, tukaanza saa kumi. Njia yenyewe ni fupi: unatoka ufukweni, unazunguka boya, unarudi. Kwenye njia fupi vile anayegeuka vizuri ndiye anayeshinda. Siku ilituendea kombo tangu mwanzo. Mzunguko wa kwanza kasia la shemeji lilikatika, tukapita kwa bahati. Mzunguko wa pili maji yakaanza kuingia kwenye kiungo kimoja cha mbao, pamba haikuwa imeshika sawasawa. Watu wawili wakaacha makasia wakawa wanachota maji na kuyamwaga. Tukapita tena. Fainali ikaanguka saa kumi na mbili na nusu jioni, jua liko usawa wa maji, ziwa lote linang'aa kama bati jipya.

Mitumbwi mitatu ilifika kwenye boya pamoja. Mimi nilikuwa ufukweni. Nilimwona mdogo wangu amegeuza shingo, mkono juu, anapiga kelele. Baba hakukata. Mtumbwi ukapita juu ya boya ukaingia ubavuni mwa wenzetu. Mdogo wangu wa tatu, fundi wa kuchomelea, alikuwa ameshika ukingo, vidole viwili vikabanwa katikati ya mbao, vikavunjika. Mtumbwi ukalala, wote wakamwagika majini. Boti ya waokoaji iliwatoa wote kumi na mmoja, na kijana mmoja alikuwa ameshavua jaketi la kuokolea kwa sababu ya joto. Mama yangu alipoteza kaka yake kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama mwaka 1996. Huwa haji ufukweni, na siku ile alisikia habari akiwa jikoni.

Tukafutwa kwenye matokeo na tukatakiwa kutengeneza mtumbwi wa wenzetu. Hospitali tulitoka saa nne usiku. Tulipofika nyumbani tukakaa uani, ndipo mdogo wangu anayenifuata akamgeukia kitinda mimba: "Umetuua wewe. Kazi moja tu ulipewa." Wengine wakaitikia. Yule mtoto hakujibu, alimtazama baba. Baba alikuwa anaangalia mikono yake. Hakusema kitu. Na mimi pia sikusema kitu.

Alfajiri kitinda mimba alibeba begi akavuka kwenda Ukerewe, yuko kambi ya dagaa. Simu hapokei. Amenitumia ujumbe mmoja tu: "Dada, nilipiga kelele mara tatu."

Sasa baba ameanza kubadilisha ubao uliopasuka. Anasema mwezi wa nane tunarudi majini na usukani ni wake. Nikisema ninachojua, nimemvua nguo mzazi wangu mbele ya wanawe na nimevunja ahadi. Nikinyamaza, mdogo wangu anabeba mzigo usio wake. Na ikitokea tena je? Nifanyeje, Anti?

Kifungua mimba, Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa vidole vya ndugu yako, pole kwa deni, na ninashukuru pamoja nawe kwamba wote kumi na mmoja walirudi nchi kavu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, uani usiku ule, baba yenu akiangalia mikono yake.

Nikuelezee nilivyokuelewa. Baba yako alikukabidhi siri ya macho yake. Uliitunza, na kwa sababu uliitunza ilibidi utafute namna ya kuwalinda waliomo mtumbwini bila wao kujua, ukamweka mdogo wako mbele. Mpango ukavunjika kwenye boya. Aliyelaumiwa ni yule aliyejua kidogo kuliko wote, na watu wawili waliojua kwa nini alikaa pale mbele walinyamaza. Nadhani hapo ndipo panapokuuma zaidi, ingawa swali lako umeliweka mahali pengine.

Unauliza kama ufunue siri au usifunue. Kwenye barua yako mimi naziona siri mbili, na wenyewe si mmoja. Ya kwanza ni ugonjwa wa baba, na huo ni wake. Mtu mzima ana haki ya kuamua nani ajue habari za mwili wake, na wewe ulimwahidi. Ya pili ni kwamba ulimpa mdogo wako kazi ambayo hukumweleza. Hiyo haikutoka mdomoni mwa baba chini ya mwembe. Ni yako, na unaweza kuisema bila kuvunja ahadi ya mtu. Sisemi ni rahisi. Ukitamka tu kwamba wewe ndiye uliyempanga mbele, mtu atauliza kwa nini, na swali hilo linaenda moja kwa moja kwenye macho ya baba. Lakini kuanzia kwako mwenyewe kuna tofauti kubwa na kuanzia kwa mzee.

Ebu tumfikirie huyu kijana na kelele zake tatu. Alipiga kelele kama mtu anavyomtahadharisha mwenzake anayeona. "Kulia!" Kwa nahodha anayeona boya, neno hilo moja linatosha, maana mengine anayamalizia kwa macho. Kwa nahodha asiyeliona, halitoshi hata kidogo. Kulia kiasi gani? Sasa hivi, au baada ya makasia matano? Kumwongoza asiyeona ni kazi nyingine kabisa, ina maneno yake na mazoezi yake, na hakuna anayeweza kuifanya bila kuambiwa kwamba ndiyo anayoifanya. Kwa hiyo ndugu yako aliposema "kazi moja tu ulipewa", alikuwa anaitaja kazi ambayo kijana hakuwahi kupewa. Hili ungeweza kumwambia yeye mwenyewe, siku mtakapoonana, na nadhani analihitaji kuliko kuombwa msamaha.

Hapohapo naomba nikuulize jambo, bila kukuhukumu. Una hakika gani kwamba ni macho? Wewe ulikuwa ufukweni. Umesema jua lilikuwa usawa wa maji na ziwa linang'aa. Saa ile hata kijana wa miaka 20 huona kwa shida. Umesema pia mtumbwi ulikuwa unavuja tangu mzunguko wa pili, na mtumbwi wenye maji tumboni ni mzito, unaitikia usukani kwa kuchelewa. Mitumbwi mitatu kwa pamoja kwenye boya moja ni msongamano wa kutosha kumponza nahodha yeyote. Inawezekana macho yalichangia sana, na mimi naelekea kuamini hivyo, kwa sababu mwenye mtoto wa jicho mwanga wa namna ile humtawanyikia machoni ukafunika kila kitu. Ila ukienda kwa baba na hukumu mkononi, "ni wewe", atakuwa na mambo mengine ya kweli ya kujitetea nayo: pamba, jua, mgeni rasmi aliyechelewa. Mtabishana juu ya boya, na macho yataachwa palepale.

Kimya chake nacho umekisoma kama cha mtu anayejua na anaficha. Huenda. Huenda pia hakujua kilichotokea. Mtu ambaye hakuliona boya hana picha ya boya. Alisikia kishindo, akajikuta majini, na usiku ule alikuwa anasikiliza wanawe wakisimulia ajali ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Mzee aliyeshika usukani miaka yote hiyo, anagundua mbele ya watoto kwamba hajui kilichompata. Sijui kama ningekuwa mimi ningepata neno la kusema.

Na mama je? Umeandika "hata mama yako" kana kwamba hajui. Mwanamke anayemtengea mumewe sahani kila siku huona mkono unapoanza kupapasa meza. Sikushauri umwendee na siri, maana hapo utakuwa umeivunja ahadi kwa jina lingine. Lakini ukikaa naye jikoni na ukasikiliza tu, unaweza kukuta wewe si peke yako uliyebeba. Kumbuka pia kwamba kwake ziwa lina jina na tarehe, 21 Mei 1996, na pale Igoma kuna makaburi ya waliozama na meli ile. Timu nzima ilimwagika majini na yeye hajasema neno. Kimya hicho nacho kinataka mtu wa kukaa nacho.

Sasa tuseme juu ya macho yenyewe, kwa sababu naona baba yako ameyasikia maneno "mtoto wa jicho" kama hukumu ya kifungo. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyo ndani ya jicho kupata ukungu. Dawa ya matone haiuondoi, mizizi na asali haiuondoi, na vitu vingine vya kienyeji vinavyotiwa machoni huunguza jicho lililokuwa linaweza kupona. Upasuaji ndio unaouondoa: lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Mara nyingi jicho hutiwa ganzi tu, mgonjwa yuko macho, kazi yenyewe haichukui hata saa nzima, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Kwa kawaida hufanywa jicho moja kwanza, la pili baadaye.

Ila mmuliko wa zahanati hautoshi. Kuna presha ya macho, wengine wanaiita glakoma, inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na kilichopotea kwa njia hiyo hakirudi. Kinachowezekana ni kukiokoa kilichobaki. Kisukari nacho huharibu macho kwa namna yake. Haya yanaweza kuwapo pamoja na mtoto wa jicho au kujificha nyuma yake. Ndiyo maana tabibu alisema hospitali kubwa, na hapo Bugando wana kliniki ya macho. Baba yako alikula kiapo cha kimya kabla hajajua anaumwa nini hasa na kama kunatibika. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo naye, mkiwa wawili tu, labda chini ya mwembe uleule: "Baba, uliniambia siku wakijua huoni mtumbwi si wako. Na kama unaweza kuona tena?"

Anaweza kukataa. Anaweza kukasirika akasema umemtania. Anaweza kukubali kwenda na bado akakataa kuwaambia wanawe. Na akikubali upasuaji, ujue kwamba baada yake wagonjwa hukatazwa kuingiza maji jichoni na kufanya kazi za nguvu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mwezi wa nane unaweza kuwa mapema mno. Mweleze hivyo tangu mwanzo. Usimwahidi usukani ili akubali kwenda hospitali, kwa maana asipoupata hatakuamini tena.

Njia nyingine ni kumtafuta mtu wa rika lake, baba mdogo au mzee anayemheshimu pale mwaloni, amseme kwa heshima ambayo binti hawezi kuitumia kwa baba yake. Inafaa, na wengi mmelelewa hivyo. Hatari yake ni kwamba lazima umwambie huyo mzee kitu, na mwaloni habari hutembea haraka kuliko upepo wa jioni. Njia ya tatu ni kwenda kwa huyo ndugu anayekufuata. Ninamwogopa kidogo, si kwa ubaya wake, bali kwa hasira aliyokuwa nayo usiku ule. Anaweza kuhamisha hasira yote kutoka kwa mdogo kwenda kwa baba, akaunyakua usukani kwa nguvu, na hapo lile alilolihofia mzee litakuwa limetimia vilevile alivyolisema.

Unaweza pia kunyamaza na kupanga chinichini: useme fedha hazitoshi, timu isiandikishwe mwaka huu. Uandikishaji uko mikononi mwako, na deni la kikoba ni sababu ambayo hakuna atakayeihoji. Siwezi kukulaumu ukifanya hivyo, kwa sababu watu hawataingia majini. Lakini angalia kwamba ni mpango wa aina ileile ya kumweka mdogo wako mbele, watu wanaongozwa bila kuambiwa kwa nini, na Ukerewe kijana bado anaamini mmemtupa.

Kuhusu ahadi nitakuambia kinachonisumbua mimi mwenyewe. Ulipoahidi, ilikuwa habari ya heshima ya mzee. Baba akishika usukani mwezi wa nane kama alivyo sasa, inakuwa habari ya roho kumi nyingine, na mmoja wao huvua jaketi akisikia joto. Sidhani baba yako alikuomba hilo, kwa sababu sidhani alilifikiria. Ni haki yake aulizwe. Ungeweza kumweleza waziwazi kabla hujafanya lolote: kwamba siri ya ugonjwa utaitunza, lakini timu yenye yeye nyuma, kabla hajapimwa, jina lako halitaiandikisha. Hapo unamwachia nafasi ya kusema mwenyewe kwa wanawe, kwa maneno yake, kwa wakati wake, na mzee anayesimama mwenyewe kusema havuliwi nguo na mtu. Itachukua muda. Huenda atakununia wiki nzima. Wewe ndiye unayejua kama moyo wako unaweza kuibeba wiki hiyo.

Usisahau na huyu fundi wa kuchomelea, ambaye katika barua yote umempa mistari miwili tu. Vidole viwili kwake ni chakula cha nyumbani. Pengine kabla ya kubishana nani alikosa boya, mngeweza kukaa kama timu na kuhesabu: marejesho ya kikoba kwa mwezi, ubao wa wenzenu, na nani atamshika mkono mpaka mkono wake upone. Watu waliokaa pamoja wakahesabu deni huwa wamekaa karibu kidogo kuliko walivyokuwa wakati wa kutafuta mwenye kosa.

Na kitinda mimba. Mwanangu, sidhani kwake unahitaji ruhusa ya mtu. Alichokuandikia kina maneno manne tu baada ya "Dada", na hakulaumu mtu wala hakuomba kitu. Anataka mtu mmoja aseme alimsikia, na wewe ulimwona kwa macho yako, mkono juu, shingo imegeuka. Hilo unaweza kumwambia bila kugusa siri ya mzee, na unaweza kumwambia kwamba kumkalisha mbele ulikuwa uamuzi wako. Akikuuliza sababu, mjibu kwamba ipo, kwamba si yako kuisema leo, na kwamba haina uhusiano na uzembe wake. Anaweza kuelewa zaidi ya unavyodhani. Kijana aliyemtazama baba usiku ule badala ya kujibu, huenda tayari anajua nusu.

Simu hatapokea. Lakini wewe unauza dagaa, unayajua majira yao kuliko mimi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, watu wa kambi hulala nchi kavu wakishona nyavu. Tazama ni lini, kisha panda meli ya Nansio.